Swali la Aliyeshindwa

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe kwanza, kisha shemeji, kisha wapwa zangu wawili ambao nasikia sasa wananizidi urefu. Sisi huku tu wazima. Wifi yako alishikwa na mafua wiki iliyopita lakini ameshapona, na dalili ya kupona kwake ni kwamba ameanza tena kunisema kuhusu viatu vyangu mlangoni. Kitinda mimba wetu ametimiza miezi minne, analia kama mtu mzima mwenye kesi, na bado hajamwona shangazi yake. Hilo nitalirudia chini.

Barua yako niliipokea Jumanne. Umeandika kwamba nyumbani ni salama, kwamba kazi ya kushona sare za shule inaendelea, na kwamba mikono yako ni ile ile tu. Hapo kwenye mikono nimeparudia mara nyingi kuliko barua yote. Utaona mwenyewe kwa nini.

Umeniuliza jambo moja. Waandaaji wa mashindano ya michezo ya mapigano ya kwenye skrini wamekuandikia, wanataka upande jukwaani kama bingwa wa zamani, ukae tena mbele ya mashine, na wewe hujui uende au usiende. Umesema unaogopa kujiaibisha mbele ya watu kwa mikono hii. Na kwa kuwa mimi nafanya kazi humo humo ndani, umeniomba nikueleze hali ilivyo bila kupaka mafuta. Basi weka kazi chini, dada, ukae vizuri. Ninayotaka kukueleza ni marefu, na mengine yananuka.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Mimi ni mkaguzi wa vifaa. Mchezaji kabla hajapanda jukwaani huniletea kifaa chake cha kuchezea, nami nakifungua kwa bisibisi, natazama nyaya, nabonyeza batani moja baada ya nyingine kuhakikisha kwamba batani moja inafanya kazi moja. Wapo wanaotegesha batani moja ifanye kazi ya vidole vitatu, halafu ukiwakamata wanaapa kwa mama zao. Siku hizi wengi hata kijiti cha kuongozea hawana. Wana kisanduku bapa chenye batani tupu, kama kikokotoo cha dukani. Humo ndani nakuta mafuta ya viazi, nywele, chingamu iliyotafunwa, na siku moja nilikuta ukucha mzima. Mwenye ukucha alikuwa amevaa koti lenye majina ya wadhamini kumi na mmoja, mpaka jina lake mwenyewe lilikosa pa kukaa. Nikamwambia kifaa chake kisafishwe. Akamwita msaidizi wake aje anisikilize, yeye akaendelea na simu.

Nikitoka pale kila siku nanawa mikono mara mbili, na bado nikifika nyumbani naona kinyaa kumshika mtoto.

Nisije nikaonekana ni yule mzee anayesema zamani kila kitu kilikuwa kitamu. Ukumbi wetu ulikuwa mchafu pia. Unaukumbuka, nyuma ya kinyozi, na nywele za wateja zilikuwa zinaingia kwa chini ya mlango. Mashine zilikuwa nane zinazofanya kazi, na ya tisa iliyokufa tukaifanya meza ya kuwekea makoti. Dirisha moja halikufungika, jingine halikufunguka. Mwenye ukumbi tulimwita Mzee wa Funguo kwa sababu ya lile rundo alilolifunga kwa kamba ya kiatu, na hakuna aliyejua zinafungua nini, maana ukumbi wenyewe ulikuwa na kufuli moja. Alikuwa mkali, hakuwa na busara yoyote ya kuandikwa, na alipenda sana kusinzia.

Lakini alikuwa na sheria moja, na aliiandika kwa rangi nyeupe juu ya mlango ili kila anayetoka aisome. ALIYESHINDWA ANA SWALI MOJA. ALIYESHINDA HANA UONGO. Ukishindwa, kabla hujanyanyuka kumpisha mwingine, una haki ya kumuuliza aliyekushinda swali moja, lolote, na yeye lazima akujibu kweli. Uliona wapi nafasi, ulinitegaje, kwa nini ulisubiri. Ndiyo maana katika ukumbi ule hakuna siri iliyomaliza wiki. Leo unamshinda mtu kwa hila yako, na kwa mdomo wako mwenyewe unamkabidhi hila hiyo, na Jumamosi inayofuata inabidi utafute nyingine.

Wewe ndiye uliyeishika sheria ile kuliko sote. Unamkumbuka yule mwoka mikate, aliyekuwa anakuja na unga kwenye nyusi? Ulimshinda mara tano mfululizo, akakuuliza unajuaje kwamba anataka kupiga teke. Ukamwambia kwamba kabla ya teke huwa anavuta pumzi kwa pua kama anayetaka kupiga mbizi. Watu wakakwambia umejikata mguu mwenyewe. Na kweli, wiki iliyofuata mwoka mikate alicheza mdomo wazi, anapumua taratibu, akakushinda mbele ya ukumbi mzima. Ulicheka mpaka ukakaa chini sakafuni, kwenye nywele za kinyozi. Kila mtu alikuita Sindano, na hata sindano uliyokuwa unatumia dukani kwa yule bibi wa magauni ya harusi haikuwa na ncha kama yako. Mimi nilikuwa sina jina. Mimi nilikuwa mdogo wake Sindano.

Baadaye mashine za nyumbani zikaja, watu wakaacha kutoka. Ukumbi ukafungwa, na nasikia sasa ni ghala la vigae. Kisha ukaja mtandao, mtu anapigana na mtu asiyemwona, na akiona anaelekea kushindwa anachomoa waya na kwenda kulala akiwa na heshima zake. Asipochomoa waya anamwandikia mwenzake matusi ambayo sitayaandika kwenye barua inayofika nyumbani kwa shemeji. Na hao, dada, ndio waliokua wakawa mabingwa. Wanacheza vizuri, siwezi kuwanyima haki yao. Vidole vyao vinafanya mambo ambayo mimi na wewe hatukuyaota. Kila mmoja ana mtu wa kompyuta anayekaa nyuma akihesabu ni mara ngapi mpinzani hujikinga akiwa amechuchumaa. Lakini hawatazamani. Wanakaa hatua mbili kutoka kwa mwenzao, masikio yamezibwa kwa hedifoni kubwa, na mechi ikiisha wanaondoka kila mmoja kwa mlango wake.

Mwandaaji mkuu sisi wafanyakazi tunamwita Bwana Tabasamu, kwa sababu meno yake yanafika kabla yake. Huyu asubuhi ya mashindano huwakusanya wachezaji chumba cha nyuma na kuwagawia ugomvi. Wewe utamwambia huyu kwamba mwaka jana alilia, wewe utamrushia chupa, na maji yawe machache yasiharibu nyaya. Mwaka huu niliombwa nisimame katikati ya wawili wakati wa kupima vifaa, ili nionekane ninawaamua. Niliwaamua. Walikuwa wamekula pamoja nusu saa kabla, mkate mmoja wameukata katikati, na sasa wanatukanana mama mbele ya kamera huku mmoja ana kipande cha mboga jinoni. Nilisimama pale nikafanya kazi niliyopewa.

Sasa nifike kwenye lililonitia uchungu zaidi, na hapa mwenye kosa la kwanza ni mimi. Mwaka juzi, katika mazungumzo ya kawaida tu, nilimsimulia Bwana Tabasamu sheria ya Mzee wa Funguo. Nilimsimulia kwa majivuno, nikimwonyesha kwamba sisi tulikuwa watu. Akasikiliza, meno yote nje. Mwezi mmoja baadaye nikaikuta sheria yetu imepewa mdhamini. Wanaiita Swali Moja, ina muziki wake, na inakuja mara tu mechi inapoisha, aliyeshindwa anapewa kipaza sauti kabla hata jasho halijakauka.

Mashindano yaliyopita alishindwa fundi baiskeli mmoja, mtu mzima wa makamo yangu, ambaye amejifunzia nyumbani na hana timu. Vidole vyake vina grisi isiyotoka, ndiyo maana kifaa chake nilikikagua kwa furaha, kwa sababu uchafu wake ulikuwa wa kazi. Alipopewa kipaza sauti hakujua kwamba yale ni maonyesho. Akauliza swali lake kweli kweli, akataka kujua ni kitu gani alichokuwa anakifanya mpaka mwenzake anamjua kila akitaka kusogea. Alikuwa ameinama mbele akisubiri kujibiwa. Bingwa akatoa karatasi mfukoni, akasoma kwamba siri ya ushindi ni kujiamini na kinywaji cha mdhamini. Watu wakapiga makofi. Fundi baiskeli akashukuru, akashuka, na nilimwona nyuma ya pazia akitazama vidole vyake kimoja kimoja.

Nilimfuata meneja wa yule bingwa. Nilimwambia kwamba wamemdanganya mtu aliyeuliza kwa nia safi, na kwamba jibu la uongo kwa aliyeshindwa ni baya kuliko kumwibia, kwa sababu atakwenda nalo nyumbani na kulifanyia kazi. Akanitazama kwa huruma. Akasema hakuna mwenye akili anayempa mpinzani siri yake, kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kweli zamani zetu hakuna aliyewahi kudanganya. Nikamjibu kwamba hata siku moja. Nilimjibu haraka sana. Nyani haoni kundule, dada, lakini siku ile nililiona.

Nitakueleza. Ila kwanza nimalizie habari ya mwaliko wako, kwa sababu huko ndiko kunakonilazimisha kuandika leo na si kesho.

Ile fainali yetu ya mwisho, miaka ishirini na miwili iliyopita, kuna mtu aliirekodi. Utakumbuka mpwa wa Mzee wa Funguo alikuja na kamera ya kuazima, kubwa kama tofali, na kwa kukosa pa kuiweka akaipachika juu ya mashine yenyewe, kwenye ile mbao iliyobeba vijiti vyote viwili, ikitutazama usoni. Kanda ile ilikaa kwenye sanduku miaka yote. Bwana Tabasamu ameipata. Ndiyo maana wamekukumbuka ghafla. Wameshachapisha hata mabango: Sindano na Mtabiri wakutana tena. Mtabiri ni mimi, jina nililopewa siku ile, kwa kuwa kila ulipotaka kuruka nilikuwa nimeshakusubiri juu.

Wiki iliyopita walinialika ofisini kwao kuitazama. Ni chumba kidogo chenye zulia ukutani, viti viwili na kompyuta tatu. Pale kulikuwa na binti mmoja fundi sauti, mpole, ambaye kazi yake ni kupunguza kelele za watu ili mlio wa mchezo usikike. Nilijiona nilivyokuwa, shingo kama kijiti chenyewe. Nikakuona wewe. Una gauni la bluu ulilolishona mwenyewe na mkono wako wa kushoto una bangili ya mama, ile nzito ya shaba aliyokuachia.

Binti akawa anapunguza kelele kidogo kidogo. Makelele ya ukumbi yakapotea, feni ikapotea, na kikabaki kitu kimoja kinagonga. Ko. Kisha kimya, kisha ko. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akaniuliza ni kitu gani kinachogonga mbao kila huyu mama anapotaka kuruka. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameisikiliza kanda ile kwa dakika tano tu.

Bwana Tabasamu alikuwa amesimama mlangoni. Akasikiliza, akatazama skrini, akanitazama mimi, na akaelewa yote papo hapo. Akajipiga paja kwa furaha. Akasema hatumwambii chochote mpaka siku yenyewe. Sindano atapanda jukwaani, atasalimiwa, ataketi, kisha wataonyesha kanda kwenye skrini kubwa, kila bangili inapogonga watachora duara jekundu, na kamera tatu zitakuwa juu ya uso wako kuona utakapogundua. Akanibonyeza begani akasema kwamba mimi ni mjanja, na kwamba watu watanipenda kwa ujanja huo.

Mimi nilisema nakwenda kunawa mikono. Hilo ndilo nililolisema, dada. Nikaenda kwenye sinki lao lenye sabuni ya kunukia nikanawa mpaka vidole vikakunjamana, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Tangu siku hiyo sijarudi kazini, na wifi yako anadhani nina likizo.

Sasa jibu lako.

Siku ile uliposhindwa hukukasirika. Uligeuka kwenye kiti, ukaniuliza mbele ya watu wote, ukiwa na hamu ya kujua kama kawaida yako: nimejuaje kila unapotaka kuruka. Nami nilijua kabisa nimejuaje. Ulipotaka kuruka ulihitaji kukizungusha kijiti kwa nguvu, na ili kupata nafasi ulishusha kifundo cha mkono, na bangili ya mama ikagonga ukingo wa mbao. Mbao ilikuwa moja kwangu na kwako. Ule mlio hata sikuusikia kwa masikio, niliuhisi kiganjani. Nilikuwa nimeugundua wiki tatu kabla, tukiwa tunafanya mazoezi wawili tu, na nikanyamaza.

Ningekujibu kweli ungeivua, ungeomba mchezo wa marudiano, na ungenichapa. Ungesafiri wewe kwenda kwenye mashindano makubwa, na mimi ningebaki mdogo wake Sindano. Ilikuwa hivyo tu. Sina sababu nyingine nzuri zaidi, nimeitafuta wiki nzima.

Nikakwambia kwamba mkono wako umekuwa mzito. Nilisema nakuona kabla hujafika, dada, umeanza kuwa mzito.

Nakuapia kwamba nilipolisema sikuwa nimemfikiria mama. Lilinitoka kwa sababu lilikuwa karibu. Lakini niliona uso wako, na hapo nikamkumbuka. Wewe ndiye uliyemnywesha chai kwa kijiko. Wewe ndiye uliyemfunga vifungo. Na ugonjwa wake ulianza hivyo hivyo, kwa mikono kuwa mizito, kabla ya kutetemeka. Uliutazama mkono wako wa kushoto, ukaugeuza, ukasema ahsante kwa kuniambia kweli. Kisha ukaivua bangili na kunivisha mimi, iwe baraka ya safari.

Nilisafiri nayo mfukoni. Nilitolewa mchezo wa kwanza, na niliporudi niliwaambia nyote kwamba kijiti cha kule kilikuwa kibovu. Kijiti kilikuwa kizima. Mpinzani wangu hakuwa na bangili, na mimi sikujua kucheza na mtu asiye na bangili. Nilikaa pale nikisubiri mlio.

Wiki ile ile ulimrudishia yule bibi sindano zake. Ulimwambia kwamba bibi harusi asivae kazi ya mkono unaokufa. Bibi akakubembeleza, akakuonyesha kola uliyoitarizi siku hiyo hiyo bila hata uzi mmoja kupotea, ukakataa. Ukaenda kiwandani kushona mishono iliyonyooka ya sare, mguu kwenye mashine, kazi ambayo ulisema hata mkono mzito unaiweza. Nilikuwepo ulipokuwa unafunga nyuzi za rangi kwenye boksi. Nilikusaidia kulibeba. Lilikuwa jepesi.

Na alipozaliwa mtoto wangu wa kwanza, wifi yako akakunyooshea umpokee, ukasema ngoja. Ukaenda kutafuta kiti, ukakaa, ukaweka mto mapajani, ndipo ukampokea. Wa pili vivyo hivyo. Wifi yako aliniuliza kama hupendi watoto wetu. Nikamwambia unaumwa mgongo. Huyu wa tatu hujaja hata kumwona, na katika barua yako umesema utasubiri akue kidogo, awe na shingo ngumu.

Hospitali hukwenda, kwa sababu ulisema huna haja ya kulipia kuambiwa unachokijua. Dada, ulichokijua ulikisikia kwangu. Hakuna mwingine aliyekwambia. Miaka ishirini na miwili umekaa ukisubiri mikono ianze kutetemeka, na haijatetemeka, na kila mwaka umeshukuru kwamba bado. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walinifahamu kabla sijazaliwa, na wewe fundi wa nguo hukunikuta kwenye mshono wowote.

Mimi ninayewasema watu wa ukucha na karatasi mfukoni, mimi ndiye niliyewatangulia. Yule bingwa alimdanganya mtu asiyemjua, kwa maneno aliyoandikiwa. Mimi nilimdanganya dada yangu, kwa maneno niliyoyatunga mwenyewe, mbele ya mlango ulioandikwa kwa rangi nyeupe. Nikiinusa kazi yangu yote ya ukaguzi, harufu ninayolalamikia nakuja nayo asubuhi kutoka nyumbani.

Basi andika jibu hili mahali pa lile la kwanza. Mkono wako haukuwa mzito. Ulikuwa mwepesi kuliko mikono yote ya ukumbi ule, pamoja na wangu. Ni bangili iliyogonga.

Kuhusu mwaliko sitakuamulia, nimekwisha kukuamulia vya kutosha. Usipotaka kwenda, usiende, na uwaandikie mstari mmoja tu. Ukitaka kwenda, nenda ukijua, na duara lao jekundu litakukuta umeshacheka. Kanda ni yao na siwezi kuizuia, lakini kiti cha pili ni changu, na nikikaa hapo nitaanza kwa kuyasema haya yote kwenye kipaza sauti chao kabla hawajawasha skrini. Kazini pale hawatanitaka tena. Sitalia.

Bangili nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya kifurushi hiki. Nimeisugua kwa limau mpaka ikang'aa. Ilikuwa kwenye droo ya bisibisi zangu miaka yote hii, na kila nilipofungua droo niliisukuma nyuma.

Nimeshindwa, dada, na kwa sheria ya Mzee wa Funguo nina swali moja. Nimelifikiria lisiwe la kuomba msamaha, kwa sababu huo si wa kuulizia. Swali langu ni hili. Jumapili ya tarehe kumi na tano nitakuja na wifi yako na huyu mdogo, ambaye shingo yake imeshakaza kiasi cha kutosha. Nikifika mlangoni nikakunyooshea, utampokea ukiwa umesimama?

Nisalimie shemeji, na umwambie haya yote kabla sijafika, ili akitaka kunifungia mlango awe na muda wa kufikiria. Wasalimie wapwa zangu. Wifi yako anakusalimu, naye bado hajui, nitamwambia leo baada ya kubandika stempu, kwa sababu nikimwambia kabla naweza kupata sababu ya kutoituma. Mungu akulinde, wewe na mikono yako yote miwili.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye hajawahi kutabiri chochote.